Ndoo imejaa vyuma vya kupandia (kukwea) juu ya miti, nivitumie wapi?

KambaNdefu

Habari wakuu. Nina ndoo nzima ya vyuma vya kupandia vimelala tu. Vingine nilinunua nikiwa naanza, nikaja kubadilisha mfumo wa kupanda vikawa havina kazi, vingine niliachiwa na jamaa aliyeacha kazi ya miti, na vingine kiukweli sijui hata vimetoka wapi. Kuna karabina nyingi (vile vitanzi vya chuma vyenye mlango), za chuma na za aluminiamu, za kufunga kwa skrubu na zile zinazojifunga zenyewe, kuna nane mbili, vile vyuma vya umbo la 8 vya kupitishia kamba (moja ile yenye masikio), pete za saizi tofauti, puli ndogo ndogo na puli moja kubwa ya mashavu yanayofunguka, shakeli (upinde wa chuma unaofungwa kwa pini), maillon kadhaa (viungo vya chuma vya kufunga kwa skrubu), sahani ya matundu ya kugawia nanga (pale kamba zinapofungiwa), na kile kifaa chenye meno cha kushikia kamba wakati wa kupanda, cha mkono wa kushoto, mwenzake wa kulia sijui alienda wapi.

Kuviuza sitaki maana siwezi kumhakikishia mtu kwamba viko salama, kuvitupa nako roho inauma. Sasa nyie mnaopanda na kushusha matawi kila siku, vyuma vya ziada mnavitumiaje? Naomba msiniambie nitundikie funguo, nataka matumizi ya kazini. Nawasilisha.

MzeeWaMatawi

Mkuu, kabla ya kufikiria matumizi mwaga ndoo yote chini uchambue, maana hapo umechanganya vitu vya kubeba roho ya mtu na vitu vya kubeba kuni.

Mimi hugawa mafungu matatu. La kwanza ni la kubebea mtu: hapa kinaingia kitu ambacho historia yake naijua mwenyewe tangu kinatoka dukani, maandishi yanasomeka, mlango unajirudisha bila kusaidiwa, kifungio kinafunga mpaka mwisho, hamna mfereji uliochimbwa na kamba. Pitisha ukucha pale kamba inapokaa, ukinasa kwenye ukingo mkali kitoe kwenye fungu hilo. La pili ni la kushushia matawi, na la tatu ni la kubebea vifaa tu. Kitu kikishatoka fungu la kwanza kwenda la pili hakirudi, hata kama kinang'aa. Karabina iliyokula mishtuko ya magogo hauwezi kujua kwa macho imepitia nini, tena ya aluminiamu ndio kabisa, maana aluminiamu tofauti na chuma haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake unasema haichoki, kila mzunguko wa mzigo unaongeza uchovu hata kama kidogo.

Alafu soma maandishi ubavuni. Utaona namba tatu za kilonyutoni (kN, moja ni kama uzito wa kilo 100) na michoro: mzigo wa urefu, mzigo wa upande, na mzigo mlango ukiwa wazi. Karabina ya kawaida inaweza kuwa na 23 au zaidi kwa urefu lakini ukiipakia kwa upande inabaki 7 au 8 hivi, mlango ukiwa wazi ni karibu hapo hapo. Kwa viwango vya Ulaya, ikiandikwa EN 362 ni ya kazi za juu, EN 12275 ni ya wapanda milima, nyingine zina zote mbili. Isiyo na maandishi yoyote usiumize kichwa, fungu la tatu.

Na hizo za skrubu, kwa wanaofuata kiwango cha Marekani cha ANSI Z133, karabina ya kupandia inatakiwa ijifunge na kujikaza yenyewe, ihitaji angalau vitendo viwili vya makusudi kabla haijafunguka, na ihimili pauni 5,000 ambazo ni kama kilonyutoni 22. Kwa hiyo za skrubu zimeshajitoa zenyewe kwenye kupanda, hata kama ni mpya. Ndio maana kila mtu anazo nyingi za ziada haha.

Ukimaliza weka alama za rangi. Rangi ya kupaka au utepe, usigonge namba kwa patasi wala kukwaruza pale mgongoni panapobeba mzigo.

DadaMsumeno

Jibu la mzee limekaa vizuri, mimi naenda moja kwa moja kwenye matumizi: kamba ya mtelezo. Kama kuna kazi moja inayokula karabina za ziada ni hiyo, na wengi wananunua mpya wakati wana ndoo kama yako.

Kwa asiyejua, unafunga kamba moja juu ya mti, upande wa chini unaipeleka mbali kidogo mpaka pale unapotaka matawi yatue, labda kuna bustani au paa katikati hutaki matawi yaviguse. Kila tawi unalizungushia slingi fupi (mkanda wa kufungia mzigo), slingi unaipitisha ndani yake yenyewe ijikaze kwenye tawi, jicho linalobaki unalitia karabina, karabina unaipachika kwenye kamba, unakata, tawi linateleza lenyewe hadi chini. Jamaa wa chini wanalifungua wakati wewe ushaanza kufunga jingine. Sasa ukiwa na slingi mbili na karabina mbili utakaa juu unasubiri, ila ukiwa nazo kumi, kumi na mbili, unatembea tu na matawi, wao chini wanakusanya zilizotumika wanazifunga kwenye kamba ya vifaa unazivuta zote kwa mpigo.

Hapa za chuma ndio penyewe. Za aluminiamu zinalika haraka kwa kule kuteleza na zinaacha weusi kwenye kamba, weusi wenyewe hauna madhara makubwa ila kamba inakuwa chafu mpaka mikono. Ubaya wa chuma ni uzito, mzigo wa karabina kumi za chuma kiunoni utausikia, kwa hiyo usipande nazo, vuta baadaye.

Zingatia chuma kisigusane na mbao. Slingi ndio ikumbatie tawi, karabina ining'inie huru. Ukiifunga karabina kwenye slingi kwa mtindo wa kitanzi halafu ikalalia shina, tawi likijigeuza linaweza kuukandamiza mlango au kuipakia upande, na hapo unarudi kwenye zile namba ndogo za mzee. Tawi refu lifunge sehemu mbili, slingi mbili karabina mbili, la sivyo linaning'inia kichwa chini linaburuza kila kitu.

Zisizofunga kabisa, zile za mlango wa kusukuma tu, mimi naziweka kwa matawi ya majani majani mepesi, zaidi ya hapo hapana.

Jani_Kavu

Karabina kubwa ya chuma ni uzito mzuri wa kurushia kamba nyembamba, natumia sana na wala sijaona shida.

DadaMsumeno

@Jani_Kavu kaka hiyo hapana. Mfuko wa kurushia ni laini, umbo lake kama tone, unapita kwenye panda ya mti na kurudi bila kunasa. Karabina ina pembe na mlango, ikinasa kwenye panda nyembamba unaanza kuvuta, unavuta, ikichomoka inakuja usoni na kasi yote. Na mifuko yenyewe ni gramu 225 hadi 450 hivi, mtu akikosa chuma cha uzito huo kinapiga dirisha au kichwa cha aliye chini. Jaza mchanga kwenye kipande cha turubai ushone, inatosha kabisa.

Jani_Kavu

Sawa dada nimekusikia 😅

KambaNdefu

Asanteni sana, hii ya kamba ya mtelezo sikuwa nimeifikiria kabisa. Maswali: kamba yenyewe ikazwe kiasi gani? Maana mimi ningedhani ikiwa imekaza kama waya ndio vizuri ili tawi lisiguse chini. Na hizi puli ndogo nifanye nini nazo, ni za saizi ya kamba ya milimita 13 kushuka chini.

Fundi_Msuguano

Usiikaze kama waya mkuu, hapo ndipo watu wanang'oa nanga. Chukua tawi la kilo 50 katikati ya kamba. Kamba ikiwa imeshuka nyuzi 30 kila upande, mvutano ndani ya kamba ni kilo 50 hivi, sawa na tawi. Ikiwa imeshuka nyuzi 10 tu mvutano ni kama kilo 144. Nyuzi 5, kilo 287. Na hizo ni hesabu za tawi lililotulia, bado halijadondokea kwenye kamba. Kwa hiyo kadiri unavyokaza ndivyo tawi dogo linavyogeuka kuwa zito, na anayebeba yote hayo ni ule upande wa mti ulioufungia huko juu, ambao mara nyingi na wewe umo humo humo. Acha ulegevu wakati wa kukata, tawi likishatua kwenye kamba ndio mtu wa chini akaze kupitia kifaa cha msuguano ili liinuke na kuteleza. Kama eneo ni la mteremko mkali tayari, mvuto wa dunia unafanya kazi yote, hapo unahitaji kamba ya pili ya breki nyuma ya tawi.

Puli ndogo: tengeneza mfumo wa kuvutia wa tatu kwa moja (unaozidisha nguvu yako mara tatu kwa hesabu) ukae tayari ndani ya mfuko wake, usiwe wa kufungwa kila siku upya. Utaukazia hiyo hiyo kamba ya mtelezo, utavutia mti unaotaka uangukie upande fulani, utainulia tawi kidogo kabla ya kulishusha.

Watu wengi wanautengeneza kwa karabina tupu, inafanya kazi lakini angalia unachopoteza. Kamba ikipinda kwenye karabina chukulia upande wa pili unapata kama asilimia 60 ya nguvu, kwenye puli nzuri ya beringi kama 90. Tatu kwa moja ya karabina mbili inakupa 1 + 0.6 + 0.36, yaani haifiki hata mbili. Ya puli mbili ni 1 + 0.9 + 0.81, ni 2.7. Sasa kama puli nzuri unayo moja tu, iweke ile ya kwanza kutoka mkononi mwako, ile inayosogea, na karabina ibaki kwenye nanga, utapata 2.44. Ukizigeuza unapata 2.14. Vifaa ni vile vile ila umeviweka vibaya. Vijana wangu huwa nawafanyisha hii kwa mikono yao kwanza, hesabu inakuja baadaye.

Ile ya kushikia kamba ya mkono wa kushoto usiiweke kwenye mfumo huu kama mshikio. Ina meno, na meno yakipata mzigo mkubwa yanachuna ganda la kamba, kuanzia kilonyutoni 4 mpaka 6 hivi kutegemea kamba, na watu watatu wakivuta tatu kwa moja hawako mbali na hapo. Tumia prusiki (kitanzi cha kamba nyembamba kinachofungwa kwa kuzungushwa kwenye kamba kubwa), ikizidiwa inateleza kwanza. Hiyo ya meno ibaki kwenye kamba ya kupandia na kitanzi cha mguu, kama iko kwenye fungu la kwanza la mzee. Mkono wa kushoto utauzoea, mbona.

MzeeWaMatawi

Hapo kwenye puli kubwa niongeze. Hiyo ya mashavu ni ya kushushia, lakini kumbuka puli ya juu kamba inapoingia na kutoka sambamba inabeba mara mbili ya tawi. Tawi la kilo 200, puli na slingi yake na nanga vinabeba 400, kabla ya mshtuko. Kamba ikipinda pembe mraba ni mara 1.4. Kwa hiyo kama hujui puli imepitia nini, isikae pale juu, ishushe iwe ya kugeuza kamba kwenye shina la chini, pale pembe ikiwa wazi zaidi ya nyuzi 120 inabeba chini ya mzigo wenyewe. Ni matumizi mazuri ya puli ya pili kwa sababu inamtoa mtu wa kamba chini ya eneo la kudondokea.

KambaNdefu

Mzee na fundi mbarikiwe. Vipi kuhusu pete? Nilikuwa nataka kujitengenezea ile ya pete mbili ya kulinda gome, naona bei ya iliyotengenezwa na mimi pete ninazo. Na nane?

GomeGumu

Pete ndio sehemu tamu ya ndoo yako. Wazo ni sahihi, mkanda wenye pete mbili unauzungusha kwenye panda, kamba ya kupandia inapita kwenye pete badala ya kusaga gome, mti haupati kidonda, kamba haijai utomvu, na msuguano unakuwa ule ule kila mara badala ya kubahatisha kulingana na gome. Pete moja lazima iwe kubwa na nyingine ndogo, maana wakati wa kuitoa ukiwa chini unafunga mpira au fundo mwisho wa kamba, linapita pete kubwa linakwama kwenye ndogo, mkanda wote unachomoka na kushuka. Ukiweka pete za saizi moja utaipanda kuifuata.

Ila hicho kitu kinabeba mtu peke yake bila msaidizi. Kwa hiyo pete ziwe na maandishi ya nguvu, ziwe za kipande kimoja (pete iliyochomelewa ambayo haina maandishi ni ya farasi hiyo, sio ya mtu), na mkanda uwe ulioshonwa na mtengenezaji au kamba iliyosukwa na mtu anayejua kusuka kwa kipimo. Kushona mwenyewe kwa cherehani ya nyumbani usithubutu. Kama pete zako zina asili isiyojulikana basi zifanye za kushushia: pete moja kwenye slingi nene unaitundika kwenye tawi la pembeni inageuza kamba, haina sehemu inayozunguka ya kuharibika, na msuguano wake unamsaidia wa chini. Ukiweka mbili tatu kwenye matawi tofauti mzigo unagawanyika ndani ya mti na kamba inapinda kidogo kidogo. Hapo pete inaishinda karabina mbali sana, maana karabina ina unene wa kama milimita 12, kamba ya milimita 12 ikipinda pale uwiano ni mara moja tu ya kamba, wakati kwenye kushusha watu wanalenga kipenyo kiwe angalau mara nne ya kamba. Kila ukikunja kamba kwa ukali chini ya mzigo unakula nguvu yake.

Nane: kushushia matawi madogo inafaa, ifunge chini ya shina, kamba ipite, basi. Ila inasokota kamba, baada ya muda unaona inajikunja kama mkia wa nguruwe, na haikuruhusu kuongeza mizunguko. Gogo la maana linataka nguzo ya chuma ya kuzungushia, kwa sababu kila mzunguko unazidisha, haujumlishi. Ukichukulia msuguano wa 0.25, mzunguko mmoja kamili unapunguza mzigo mkononi karibu mara 5, miwili mara 23. Nane imeganda pale pale ilipo. Ile yenye masikio ningeiweka kwenye mfuko wa uokoaji kama ni safi, masikio yanazuia kamba isijifunge kitanzi juu ya shingo.

Jani_Kavu

Na maillon? Mimi nilijua ni karabina za bei rahisi tu.

GomeGumu

Maillon zenye maandishi ni imara, za daraja Q kwenye EN 362 zinatakiwa zihimili kilonyutoni 25. Ni za mahali ambapo hufungui kila siku, kama kuunganisha daraja la mkanda wako (ile kamba fupi ya mbele ya mkanda wa kupandia) au kitanzi cha mguu. Kaza mpaka uzi wa skrubu usionekane kabisa, uzi ukionekana nguvu hiyo haipo. Zile za duka la vifaa vya ujenzi zisizo na maandishi, kufungia turubai.

Shakeli nazo, kamba inayotembea isipite juu ya pini, inaifungua taratibu huku unaangalia kwingine. Kamba ikae kwenye upinde, na pini ifunge kwa waya au zip tai kama itakaa juu muda mrefu.

Mtu_wa_Chini

Mimi ni wa chini sipandi, ila naomba niseme kwa niaba ya wa chini wote: hizo karabina mnazoita za fungu la tatu tupeni sisi. Natundikia msumeno, petroli, kofia, mifuko ya kamba, kila kamba ina karabina yake yenye rangi, akipiga kelele "nipe ya bluu" nampa ya bluu. Na msumeno wa cheni unapopanda juu kwa kamba ya vifaa, karabina ya skrubu ni nzuri kuliko fundo la haraka haraka.

Mnachotuudhi ni kuchanganya. Mtu anakuja asubuhi anachukua karabina ya petroli anaitia kwenye mkanda wake kwa sababu inafanana. Zitofautisheni hata kwa umbo, fungu la tatu liwe za aluminiamu za rangi moja tu.

KambaNdefu

Nimechambua jioni hii. Za chuma zenye maandishi zimepatikana za kutosha kuanza kamba ya mtelezo, puli ndogo mbili zinazunguka vizuri zinaenda kwenye mfuko wa kuvutia. Pete mbili tu ndizo zina maandishi na ni saizi moja, kwa hiyo za kushushia. Kuna karabina kama nne zina mfereji na moja mlango haurudi wenyewe, nimemwagia mafuta wapi. Hizi nazo zina kazi?

MzeeWaMatawi

Ile ya mlango ioshe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, piga brashi kwenye bawaba, ikauke ndio uweke mafuta kidogo, mara nyingi ni utomvu na vumbi la mbao, na mafuta juu ya vumbi yanafanya uji. Ikigoma hata baada ya hapo ungana na zile nne. Hizo zikate kwa grainda katikati kabla ya kuzitoa, usizitupe nzima maana kuna mtu ataziokota. Au bakiza moja yenye mfereji mzuri uwe unawaonyesha wanaoanza, kidole chao kikiupitia huo mfereji wanaelewa haraka kuliko mimi nikiongea.

KambaNdefu

Sawa mzee. Dada Msumeno slingi za mtelezo unakata urefu gani?

DadaMsumeno

Changanya. Nyingi ziwe za kuzunguka tawi la unene wa paja na kubakiza jicho, kama mita moja ikiwa imeshonwa duara, na chache ndefu mara mbili kwa mafungu ya matawi. Ukizifanya zote ndefu tawi linaning'inia chini sana ya kamba linakwangua kila kitu njiani. Na kila slingi ikae na karabina yake muda wote, usizitenganishe, mtu wa chini akirudisha slingi saba na karabina tano utajua tu kuna mbili ziko chini ya majani.

Mtu_wa_Chini

Huwa ni nyie mnazidondosha lakini 😂